Haboba wa Sahani za Reli

Mtu mwingine ukimpa sahani ataitazama usoni. Yeye aliigeuza kwanza akaitazama chini. "Uso inadanganya," alikuwa akisema. "Matako hapana jua kudanganya." Halafu angejifunika mdomo kwa mtandio na kucheka, kana kwamba neno hilo limesemwa na mtu mwingine.

Mtaani sote tulimwita Haboba, yaani bibi kwa lugha ya Wanubi, hata sisi Walugbara ambao bibi zetu walikuwa hai kule Manibe na wangeweza kuona wivu. Nilipanga chumba katika ua wake, chini ya Arua Hill, miaka yote niliyofundisha shule ya msingi mjini. Nilipohamishiwa Koboko niliendelea kumtembelea kila likizo, mpaka alipofariki. Jina lake nalijua, ila sitaliandika. Hakuna aliyelitumia, na nikiliandika hapa nitaona kama namzungumzia mtu nisiyemjua.

Arua haina reli na haijawahi kuwa nayo. Njia ya gari moshi ilifika Pakwach, kwenye mto, ikaishia huko. "Reli ilikuja mpaka Pakwach, ikachoka," Haboba alisema. "Lakini sahani yake iko na nguvu. Iliendelea kwa miguu." Ni kweli, ziliendelea. Zilikuja ndani ya masanduku ya askari waliorudi likizo, katika vifurushi vya vijana waliokwenda kukata miwa kusini, na katika meli za zamani za mtoni, ambazo nazo zilikuwa za reli. Nyumba nyingi za zamani mjini zilikuwa na chombo kimoja hivi: sahani nene nyeupe yenye nembo, kikombe kisicho na kisahani, bakuli la sukari lenye picha ya kichwa cha treni. Na kila nyumba ilikuwa na hadithi yake, maana kila mwamba ngoma huvutia kwake. Babu alipewa na mzungu. Babu alikuwa rafiki mkubwa wa stesheni masta. Babu aliokoa treni isianguke mtoni. Haboba alisikiliza hadithi yote kwa heshima, akaigeuza sahani, akaigonga kwa ukucha, akatega sikio, kisha akasema bila kupepesa macho, "Hii iliibiwa."

Hakusema kwa ubaya. Kwake kuibiwa kulikuwa habari ya chombo, kama kuwa na ufa. Wenye sahani walikasirika, wakanywa kahawa yake ya tangawizi, wakaondoka wakicheka.

Lazima niseme mapema alichokuwa akikitafuta, maana asiyejua hilo angemwona kuwa bibi mwenye udadisi tu. Mume wake alikuwa mhudumu katika behewa la chakula la gari moshi. Shirika la reli la zamani lilipovunjika, alirudi nyumbani Arua na seti ya sahani ambazo hakuna aliyewahi kuona mfano wake. Zilichorwa kwa mkono: gari moshi la kijani linavuka daraja, na moshi wake unaelekea mbele. Mchoraji alikosea, au alikuwa na haraka ya kwenda kwao. Moshi ulitangulia na gari likaufuata, katika kila sahani ya seti ile. Mume alidai kwamba upepo wa daraja la Pakwach ndivyo ulivyo.

Kisha vita vikaja. Serikali ilianguka na watu wa West Nile wakakimbilia Sudan na Zaire. Haboba na mumewe walipita njia ya Koboko na watoto, na lile sanduku la bati lenye sahani. Siku zile ilikuwa desturi: huwezi kukimbia na vyombo, kwa hiyo unavizika, na ukirudi unafukua. Walipofika Abuku, huko huko Koboko, mume alimwambia atangulie pamoja na wanawake wengine, yeye akabaki nyuma kulizika. Aliwafikia jioni, mikono imejaa udongo, ameshika sahani moja aliyoiacha nje ili wapate ya kulia chakula njiani. Wakavuka mpaka. Baada ya miezi kadhaa kambini, mume alisema anarudi Arua kuona kama nyumba ingalipo, kisha atawarudia. Hakurudi.

Hiyo peke yake ingetosha kumuumiza mtu. Lakini wifi yake, dada wa mume, aliyekuwa akiishi Bombo, akaleta maneno mengine. Alidai kaka yake ameonekana Jinja, ana mke mwingine, na anaishi kwa kuuza vyombo vya reli. Aliyemwona ni nani, wifi hakusema. Tangu hapo Haboba alibaki na swali moja: mume wangu alikufa akija kwangu, au alinikimbia? Jibu, kwa mawazo yake, lilikuwa ndani ya sanduku. Sahani zile zikionekana mezani kwa watu, basi alilifukua, akaziuza, akaenda zake. Zisipoonekana, bado kuna la kutumaini.

Waliporudi kutoka uhamishoni alikwenda Abuku kulitafuta shimo. Nyumba zilizokuwepo zilikuwa zimechomwa, njia zimefunikwa na majani marefu, na wenyeji waliobaki walidhani anatafuta dhahabu. Wanaume walimfuata na majembe yao kila alipochimba. Mwishoni aliacha, akarudi Arua, akatangaza mjini kote kwamba yeye anajua sahani za reli: kila mwenye nayo amletee, atamwambia ilikotoka, na hataki malipo. Alipoanza alikuwa hajui lolote. Alitaka tu kila sahani ya reli iliyoko West Nile ipite mikononi mwake. Ujuzi ulimjia njiani, kama mtu aliyekwenda kisimani kumsubiri mchumba akajikuta amekuwa mchota maji.

Mara ya kwanza kumwona akiwa kazini sikumwelewa. Mzee mmoja kutoka Manibe, mtu wa kwetu, alileta sahani iliyofungwa katika gazeti. Haboba akalifungua. Alipoona nembo tupu, bila gari wala daraja, uso wake ulichangamka. Alimpa mzee yule kahawa na gurusa, zile chapati laini za Wanubi, akamsifia sahani yake hadi mzee akawa anasema "awa'difo, awa'difo," asante kwa Kilugbara, kama aliyepewa ng'ombe. Nilikaa nikishangaa. Nimewahi kuona watu wakitafuta kitu wakafurahi kukipata. Yeye alitafuta na kufurahi kukikosa.

Sasa niseme alivyokuwa akizitambua, maana kazi yake niliipenda na sijaona mwingine anayeijua.

Vyombo vya meli, alisema, vina kitako kipana na kizito. "Meli inacheza. Mutu ya meli hapana taka chai kwa suruali yake." Vya behewa la chakula ni vyepesi kidogo, na ukingo wake una alama za kugongana vilipopangwa kimoja juu ya kingine, kwa sababu treni hutikisa kabati siku nzima. Sahani za mabwalo ya askari zimekwaruzwa na visu kila upande. Zilizotoka Sudan zina maandishi ya Kiarabu chini, na zile za upande wa Kongo alizijua kwa rangi ya weupe wake, ambao alisema ni weupe wa maziwa yaliyokaa. Wafanyabiashara wa Ariwara, soko lililo ng'ambo ya mpaka, walijaribu mara kadhaa kumpitishia za Kongo kuwa za kwetu, akawarudishia.

Lakini ujuzi wake hasa ulikuwa udongo. Sahani iliyozikwa hunywa udongo. Ule ung'avu wa juu una nyufa nyembamba kama mistari ya kiganja, na ikilala ardhini mvua baada ya mvua, rangi ya ardhi huingia humo na haitoki kwa sabuni wala majivu. Haboba alilowesha kidole kwa mate, akapitisha, akaipeleka sahani juani. Mistari ikiwa myekundu iliyokoza, sahani imelala mjini, karibu na kilima. Ikiwa ya kahawia, imelala Manibe au mashambani karibu na huko. Ya njano yenye vidoa vyeusi ni ya Koboko. Hizo za Koboko alizishika kwa muda mrefu kuliko nyingine, hata pale alipokuwa amekwisha kuona kwamba siyo zenyewe.

Alikosea pia, tusimfanye nabii. Familia mbili za Manibe ziliwahi kugombania sahani na vikombe vya reli, kila moja ikiapa kwamba ni vyao. Kilichotokea kilikuwa kosa la kwetu kabisa. Kila familia ilizika vyombo vyake kabla ya kukimbia, miti na nyumba za kuonyesha mahali zikateketea, na waliporudi mmoja akafukua shimo la jirani akidhani ni lake. Alikula juu ya sahani za mwenzake miaka mingi, akawaoza mabinti juu yake, na kumbe za kwake zilikuwa bado zimelala. Haboba aliitwa. Alilowesha, akagonga, akatoa hukumu, na hukumu ikawa ya kinyume. Baadaye mvua ilibomoa ukingo wa shamba na vyombo vya yule aliyekosea shimo vikachungulia, ikajulikana nani alikuwa mkweli.

Alirudi Manibe kwa pikipiki, uzee wake ule, akasimama mbele yao wote. "Mimi ilikosa," akasema. "Macho yangu iko ya bibi. Lakini sikia. Huyu amekula hapa miaka yote. Sahani imemzoea. Basi mwenyewe akuje ale naye sikukuu, Krismasi yenu, kila mwaka. Sahani itaona watu yake wote." Nasikia wanafanya hivyo hadi leo, ingawa wanaendelea kununiana mezani.

Wajanja nao hawakukosekana. Kijana mmoja mwenye miwani ya jua alileta sahani yenye picha nzuri ya treni, rangi saba, akasema ni ya babu yake, imetunzwa tangu enzi za wakoloni, na kuna mtu Kampala anaitaka. Haboba aliigeuza. Chini paliandikwa kwamba inafaa kutumiwa katika maikrowevu. Yeye hakusoma Kiingereza, akanipa mimi nisome, nikasoma na kufasiri.

"Babu yako ilikuwa na maikrowevu?" akamwuliza.

"Ilikuwa na kila kitu, Haboba," kijana akajibu.

Haboba alicheka mpaka akashika nguzo. Alimpa kahawa yule naye. Alimwambia ampelekee mama yake ile sahani, kwa sababu ni nzuri na haijaibiwa, jambo ambalo kwa sahani za treni ni nadra sana.

Kumbe yeye mwenyewe hakuwahi kupanda treni. Aliniambia siku moja tukichambua mchele, nikadhani ananitania. Bibi aliyejua ni kikombe gani kilikaa kwenye kabati la behewa na kipi kilikaa kwenye meza, hakuwahi hata kuliona gari moshi likitembea. Mume alimwahidi. Alimwambia atampandisha Pakwach, amketishe mezani, amhudumie yeye mwenyewe akiwa amevaa koti jeupe na glovu, na atamwita "madamu" mbele ya watu. Kila likizo kulikuwa na sababu: mtoto anaumwa, mvua imeharibu njia, ngoja mwakani. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na mwaka ule haukufika.

Nilimpeleka Pakwach mara moja. Ilikuwa likizo, nikaona heri aone hata njia. Tulikuta reli imezama katika majani, mbuzi wanalisha katikati yake. Haboba alisimama juu ya taruma na viatu vyake vya kwendea harusini. Alitazama upande wa Gulu, ambako treni ingetokea, kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Nikamwuliza kama amechoka.

"Hapana," akasema. "Naangalia upepo."

Upepo ulikuwa ukivuma kama upepo mwingine wowote, lakini alisema ameona, bwana yake hakudanganya, hapa moshi unaweza kwenda mbele. Nilitaka kubishana. Badala yake nikamnunulia samaki.

Kuhusu mume wake hakuwa yule hakimu tuliyemzoea. Nyani haoni kundule. Sahani za mji mzima ziliibiwa, za mume wake alipewa. Majirani walimchokoza sana kwa hilo. Mwuza mkaa wa barabarani, mwanamke mwenye maneno, alimwuliza kila wiki, "Haboba, na yako? Ilipewa na nani? Na treni yenyewe?" Naye alijibu kwa hasira ya kweli kwamba bwana yake alikuwa mutu ya adabu, alipewa na mkubwa wake siku ya mwisho, kwa mikono miwili. Sahani yake ile moja, iliyotoka kambini, hakuruhusu mtu aigeuze. Ilikaa ukutani imefunikwa kawa ya rangi aliyoisuka mwenyewe. Mara moja tu, tukiwa wawili, aliniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, labda aliiba. Labda. Lakini aliiba kwa ajili yangu." Kesho yake akarudia kusema alipewa.

Kwa wifi alikuwa na ukali ambao sikuuona kwa mtu mwingine. Walizungumza kwa simu kila Idi, kwa sababu undugu ni undugu. Salamu ziliisha, kisha wifi angesema jambo kama, "Na wewe bado nangojea tu," na Haboba angekata simu na kwenda kufagia ua uliokwisha kufagiwa. Aliniambia kwamba maneno ya wifi yanamla. Kifo, alisema, angekivumilia, Mungu ndiye mwenye watu wake. Lakini kuachwa! Kuachwa kambini na watoto, na sahani moja, kwa ajili ya mwanamke wa Jinja! Alilia aliposema hivyo, na mimi nililia naye, kwa sababu nilimpenda na sikuwa na la kumpa. Watoto wake wakubwa walimwambia aache mambo ya zamani. Mimi sikuwahi kumwambia hivyo, na ninashukuru.

Usemi wake alioupenda ulikuwa huu: "Kitu hapana potea. Inabadilisha meza tu." Alikuwa akiwaambia waliopoteza simu, ng'ombe, hata uchaguzi wa diwani. Wengi walifarijika. Yeye mwenyewe, nadhani, ulikuwa ukimtisha, maana kwake kubadilisha meza ndilo lilikuwa jambo baya kuliko yote.

Nilipohamia Koboko nilimkumbuka kwa namna ambayo sikutarajia. Nilikuwa nikigeuza sahani hotelini. Nimekwisha kula, wenzangu wanazungumza, mimi nageuza sahani ya plastiki natazama chini. Nilikumbuka mlio wa ukucha wake. Nilikumbuka asubuhi za ua ule, harufu ya tangawizi, na sauti yake ikiniita, "Mwalimu, kuja uone uongo mupya." Kuna watu ukikaa nao unadhani wao ndio wanaokuhitaji.

Mwaka jana, wakati wa kiangazi, mzazi mmoja wa shuleni kwangu alikuwa akibomoa kichuguu kikubwa shambani kwake, Abuku, ili afyatue matofali. Udongo wa kichuguu ni mzuri kwa matofali. Katikati, chini kabisa, jembe liligonga bati. Mchwa walikuwa wamejenga juu ya shimo lile muda wote, na ndiyo maana hakuna aliyeliona. Yule baba alikuwa amenisikia nikiuliza habari za sahani kwenye mikutano ya wazazi, hadi nikawa kichekesho. Hakulifungua. Alinipigia simu. "Mwalimu," akasema, "ile kitu ya bibi yako, nafikiri iko kwangu."

Nilimpigia Haboba. Nilidhani atapiga kelele. Aliuliza tu, "Kufuli iko?" Nikamwambia sijui. Akasema anakuja.

Alifika asubuhi akiwa amevaa vizuri, mwanawe mmoja amemleta kwa gari akaachwa barabarani kwa amri ya mama yake. Tulitembea polepole hadi shambani, ameshika mkono wangu. Nilijua anachohesabu moyoni: sanduku likiwa tupu, wifi amesema kweli.

Lilikuwa chini ya kivuli cha nyumba, limeliwa na kutu, limepasuka upande mmoja. Mke wa mwenye shamba alikuwa ametandika mkeka na kuleta maji. Haboba aliketi. Yule baba akainua kifuniko, kikamkatikia mkononi.

Sahani zilikuwemo. Nilianza kumshangilia kabla yake, nikazitoa moja moja na kuzifuta kwa kanga yangu. Gari la kijani, daraja, moshi unaelekea mbele. Zote zilikuwa zimelala pale kama zilivyofungwa. Hakuziuza. Nilimwambia, "Haboba, ona! Hakuziuza!" Nikasubiri ule uchangamfu wake.

Haukuja. Alikuwa akitazama kitu kilichokuwa juu ya sahani, ambacho mimi nilikiweka pembeni bila kukijali. Ilikuwa jabana, lile buli la udongo lenye shingo ndefu ambalo Wanubi hupikia kahawa. Lilikuwa limezungushiwa kitambaa ambacho kilisambaratika tulipokigusa. Alinyoosha mikono nikampa. Aliligeuza chini. Akaligonga kwa ukucha. Alilowesha kidole akapitisha pembeni, akakitazama, akanusa.

"Hii hapana ya hapa," akasema. "Hii udongo ya Arua. Na hii waya." Shingo ilikuwa imepasuka zamani na kufungwa kwa waya mwembamba. "Hii waya iko mkono yangu. Mimi nilifunga, na koleo ya jirani."

Nikasema, "Basi uliifunga sandukuni pamoja na sahani."

"Mwalimu. Sikia mimi." Hakuwahi kabla kusema nami kwa upole namna ile. "Sanduku hii mimi nilifunga, kule Arua, mikono yangu mbili. Jabana haikuingia. Siku tulikimbia ilikuwa kwa jiko, na kahawa ndani, moto inawaka. Mimi nililia kwa njia yote sababu ya hii jabana. Bwana yangu alicheka mimi. Alisema, watu wanakufa, wewe unalilia jabana."

Mwenye shamba alimtazama mke wake. Nilianza kuelewa.

"Sisi tulipita hapa, akazika sanduku. Jabana iko Arua," Haboba aliendelea, taratibu, kama alivyokuwa akiwaeleza wenye sahani zao. "Halafu yeye akarudi Arua. Alifika nyumbani. Aliingia kwa jiko yangu. Akachukua hii. Hapana redio, hapana nguo. Hii. Akageuka. Akatembea mpaka hapa. Labda alisikia bunduki mbele, akaogopa itavunjika. Akafungua sanduku, akaficha. Na mutu ya kwenda Jinja," akasema, "mutu ya kwenda Jinja hapana pita Abuku."

Ni kweli. Abuku iko kwenye njia ya Sudan. Kutoka Arua, ukienda Jinja, unaelekea upande mwingine kabisa.

Alilikumbatia lile buli na kulia kwa sauti, bila aibu, kama wanawake wanavyolia msibani. Mke wa mwenye shamba aliketi kando yake akalia naye, ingawa alikuwa hajamjua hata saa moja. Mimi nilimshika mgongo. Nilisikia furaha na uchungu kwa pamoja, sikujua kipi kinaniliza.

Aliponyamaza aliomba simu yangu nimpigie wifi. Salamu hazikuwepo. "Ndugu yako ilikuwa nakuja kwangu," akasema. Upande wa pili nikasikia sauti nyembamba ya mwanamke mzee ikianza kulia, na Haboba akambembeleza, yeye, hadi salio likaisha.

Sahani hakuzichukua. Nilizipanga vizuri nikamwuliza tubebe vipi. Akamwambia yule mama, "Kula nazo na watoto yako. Iko imara." Hakuzigeuza hata moja. Aliondoka na jabana tu, ameishika kifuani.

Mjini Koboko alitaka tusimame kwenye duka la nguo. Nikadhani anataka kitu cha kuifungia jabana. Alimwomba mwenye duka kitambaa cheupe, kitupu, cha kutosha mwanamke mzima. Nikajua ni cha eda, ile miezi ambayo mjane Mwislamu hukaa ndani akimwombolezea mumewe. Mwanawe alikaribia akamwambia kwa adabu kwamba hata sheikh atasema, eda ya mtu aliyefariki miaka ile ilikwisha zamani.

"Yenu ilikwisha," akamjibu, akikipima kitambaa kwa mkono wake. "Mimi nilikuwa bibi ya mutu iko safarini. Bwana yangu amekufa leo."